Kungwi Mwenye Duka: Uhakiki wa Makala ya Ushauri Yatolewayo na Kampuni

Wahenga walituachia methali isemayo kuwa kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Kwa miaka mingi tumeifundisha methali hii kwa wanafunzi wetu wa mwaka wa kwanza, tukawapa maana yake ya nje na ya ndani, tukawatungia maswali, kisha tukaendelea na methali inayofuata. Muhula uliopita tuliirudia tukiwa na mashaka. Siku hizi bidhaa hujitembeza kwa namna ambayo wahenga hawakuiona. Haibebwi kichwani na mchuuzi wala hainadiwi sokoni kwa sauti. Huvaa joho la mwalimu, ikaketi karibu nasi, ikatushauri.

Kisa chenyewe kilianza kwa jambo dogo. Katika kozi yetu ya stadi za kusoma tulihitaji kifungu cha ufahamu chenye maneno kama mia sita hivi. Wenzetu wanaofundisha Dar es Salaam au Mombasa huenda wasiielewe vyema dhiki hii. Kwao magazeti ya Kiswahili yamejaa kila kona. Hapa Kampala mwalimu wa Kiswahili hudonoa matini popote aionapo, kama kuku, na akipata iliyo fupi, sanifu na yenye habari za maisha ya kila siku, humshukuru Mungu. Mmoja wetu aliyapata kwenye tovuti moja makala yenye kichwa kinachouliza kwa nini mtoto mchanga halali usiku. Kiswahili chake kilikuwa safi. Upatanisho wa kisarufi haukuwa na kasoro, na sisi tunaosahihisha mazoezi kila wiki tunajua kwamba hilo si jambo dogo. Msamiati wa afya ulikuwa wa kutosha. Tukatunga maswali sita, tukapiga chapa, tukawagawia wanafunzi. Walifanya vizuri.

Baada ya kipindi mwanafunzi mmoja alibaki nyuma. Ni mama, na mtoto wake alikuwa na miezi mitatu wakati huo. Hakutuuliza maana ya neno wala muundo wa sentensi. Alituuliza, "Mwalimu, ina maana maziwa yangu hayamtoshi mtoto?" Tulimjibu kwamba kifungu hakikusema hivyo. Akatuonyesha aya ya nne. Ni kweli, hakikusema hivyo. Lakini msomaji yeyote makini asingeweza kutoka katika aya ile bila kuwaza hivyo. Tulipoifungua tena ile tovuti na kuteremka hadi chini kabisa, chini ya picha na chini ya maelezo ya hakimiliki, tulikuta kwa herufi ndogo jina la kampuni inayouza maziwa ya unga ya watoto wachanga. Yule tuliyemkaribisha darasani kama mwalimu alikuwa mwenye duka.

Kwa hiyo makala haya ni uhakiki, na kwa kiasi fulani ni toba. Tumezoea kuhakiki riwaya, tamthilia na diwani za mashairi kwa kuangalia fani na maudhui. Utanzu tunaouzungumzia hapa hausomwi na mtu yeyote kama fasihi, na labda hiyo ndiyo sababu unapita bila kuulizwa. Tumeona tuusome kwa zana zilezile.

Yafaa ieleweke mapema kwamba utanzu huu haukuzaliwa na intaneti. Mwaka 1895 kampuni ya John Deere ya jimbo la Illinois, Marekani, watengenezaji wa majembe ya kukokotwa, ilianza kuchapisha jarida la wakulima liitwalo The Furrow, yaani mfuo uachwao na jembe. Jarida hilo lingali likitoka. Mwaka 1900 ndugu wawili wa Kifaransa, André na Édouard Michelin, waliokuwa wakitengeneza mipira ya magari, walichapisha kitabu cha mwongozo kwa wasafiri na kukigawa bure. Kilieleza mahali pa kununua petroli, mahali pa kutengenezea gari na mahali pa kulala. Nakala zilikuwa karibu 35,000 ilhali magari ya Ufaransa nzima hayakufika 3,000. Hesabu yao ilikuwa nyepesi: mtu akisafiri zaidi, mpira utalika zaidi. Kitabu kilianza kuuzwa mwaka 1920, na leo watu wengi hukijua kwa nyota za mikahawa kuliko kwa mipira.

Tunayataja haya ili tusije tukadhaniwa kwamba tunamwona kila mfanyabiashara atoaye ushauri kuwa mwongo. Mkulima aliyesoma jarida la Deere alijua ni jarida la nani. Dereva aliyeshika mwongozo wa Michelin alilisoma jina juu ya jalada. Isitoshe, faida ya mshauri na ya mshauriwa zilielekea upande mmoja, kwani mkulima akivuna vizuri atarudi kununua jembe la pili. Ugumu unaanza pale faida ya mshauri inapopatikana katika kushindwa kwa mshauriwa. Anayeuza maziwa ya kopo na papo hapo kuwashauri akina mama kuhusu kunyonyesha yuko katika hali hiyo, apende asipende. Kila mama anayefaulu ni mteja aliyepotea.

Sasa tuitazame fani. Kichwa cha makala yetu kilikuwa swali, na swali lenyewe liliulizwa kwa nafsi ya kwanza, kana kwamba ameliuliza msomaji. Kampuni hujua maneno ambayo watu huyaandika wanapotafuta habari kwenye mtandao. Mama aliyeamka saa nane za usiku na mtoto mkononi huandika swali lake jinsi lilivyo moyoni, na jibu linamngoja likiwa limevaa maneno yake mwenyewe. Katika fasihi tungesema mwandishi amemjua hadhira wake barabara. Tatizo ni kwamba amemjua akiwa amechoka.

Jambo la pili ni nafsi ya msimulizi. "Tunajua jinsi unavyochoka," yalianza makala yale. Nani wanajua? Kiambishi tu- cha Kiswahili hakibagui. Zipo lugha duniani zenye "sisi" mbili, moja inayomjumuisha anayeambiwa na nyingine inayomwacha nje. Yetu haina tofauti hiyo, na mwandishi wetu ameutumia upenyo huo kwa ustadi mkubwa. Katika aya ya kwanza "sisi" ni akina mama wote wasiolala. Katika aya ya pili "sisi" ni watu wenye elimu ya afya. Aya ya tano ikisema "tunashauri", "sisi" imekwisha kuwa kampuni, lakini msomaji hakuona mlango ulipofungwa. (Nasi humu tunaandika kwa "sisi", lakini walau msomaji anajua ofisi yetu iliko na anaweza kuja kubisha hodi.)

Tatu ni kauli ya kutendwa. "Imethibitishwa", "inashauriwa", "imegunduliwa". Tunawafundisha wanafunzi kwamba kauli hii humwezesha mzungumzaji kumwacha mtenda bila kumtaja, kisha tunatoa mifano kuhusu vyungu vilivyovunjwa. Hapa si chungu kilichovunjwa. Swali letu la tatu katika zoezi lile lilisema: "Taja mambo matatu yanayoshauriwa katika kifungu." Hatukuuliza yanashauriwa na nani. Sisi walimu, kwa mkono wetu, tulimfundisha mwanafunzi kumsahau mtenda.

Nne, na hapa ndipo aya ya nne iliponasa, ni ule ushirikiano wa -ki- na "huenda". Sentensi yenyewe kwa maneno yetu ilikuwa hivi: mtoto akilia punde baada ya kunyonya, huenda hajashiba. Kisarufi haina dosari. Kiukweli nayo haina uongo, kwa kuwa jambo lolote huenda likawa. Mtoto mchanga hulia kwa sababu ya gesi, joto, baridi, nepi, usingizi au kutaka kubebwa. Mwandishi alichagua sababu moja, akaiwekea "huenda" mbele yake ili asishitakiwe, akaiacha. Ifikapo usiku "huenda" imeanguka njiani, na mama amebaki na "hajashiba".

Ujenzi wa makala yote ulikuwa wa namna hiyo. Ushauri wa mwanzo ulikuwa mzuri kabisa: chumba kiwe na giza, mtoto abadilishwe nepi, sauti zipunguzwe. Bibi yeyote angeyasema. Msomaji akishasema "kweli" mara tatu, mara ya nne haimlazimishi sana. Ndipo yakaja mashaka kuhusu maziwa ya mama. Kisha, bila kutajwa jina la bidhaa hata mara moja, yakaja maelezo ya maziwa maalumu yaliyoongezwa virutubisho. Mwisho kukawa na sentensi ya kumhimiza mama azungumze na mhudumu wa afya. Jina la bidhaa halikuhitajika ndani ya matini. Lilikuwa pembeni, kwenye picha ya kopo.

Lakini mhakiki huwa hasomi tu kilichosemwa. Makala yale ya maneno mia sita hayakutaja bei ya kopo. Hayakutaja kopo moja humaliza siku ngapi. Hayakutaja maji ya kuchanganyia unga yatoke wapi, yachemshwe kwa nini, chupa isafishwe kwa nini. Juu ya yote, hayakutaja jambo ambalo kila mkunga analijua: maziwa ya mama huja kwa kadiri mtoto anyonyavyo. Mama akianza kumpa mtoto chupa, mtoto hunyonya kidogo, na mwili wa mama nao hupunguza. Kwa hiyo mashaka yaliyoanza bila sababu hujitafutia sababu. Makala husema "huenda hayatoshi". Mama huongeza chupa. Baada ya majuma machache hayatoshi kweli. Tumesoma riwaya nyingi zenye unabii unaojitimiza, lakini hatujawahi kuona mwandishi anayelipwa kila unabii wake unapotimia.

Historia ya maziwa haya katika bara letu inajulikana, na walimu wa lugha wana sababu yao ya kuikumbuka. Daktari Cicely Williams, aliyefanya kazi Gold Coast, ambayo sasa ni Ghana, ndiye aliyeliingiza katika taaluma ya tiba neno kwashiorkor, alilolitwaa katika lugha ya Kiga cha huko. Mwaka 1939 akiwa Singapore alitoa hotuba kali akilinganisha upotoshaji katika kuwalisha watoto wachanga na mauaji. Hapa kwetu Makerere, katika miaka ya 1960, alifundisha Profesa Derrick Jelliffe, bingwa wa tiba ya watoto, ambaye baadaye alibuni istilahi ya Kiingereza yenye maana ya utapiamlo uliozaliwa na biashara. Na kituo cha lishe cha Mulago kiliitwa Mwanamugimu, jina litokalo katika methali ya Kiganda inayosema kwamba mtoto mwenye siha hutokana na ngozi, yaani ile mbeleko ya mama yake. Watu wa kituo kile walielewa kwamba ushauri unaoshika ni ule unaosemwa kwa lugha ya msikilizaji. Kampuni nazo zimeelewa hivyohivyo.

Katika miaka ile mshauri wa kampuni alikuwa mtu mwenye miguu. Kampuni za maziwa ziliwaajiri wanawake waliovaa sare kama za wauguzi, wakazunguka katika wodi za wazazi na majumbani wakifundisha malezi na kuacha sampuli. Viligawiwa vijitabu vya malezi vyenye mawaidha mengi mema na kopo ndani yake. Mwaka 1974 shirika la War on Want la Uingereza lilichapisha taarifa ya Mike Muller juu ya biashara hiyo, yenye jina la The Baby Killer. Hapo ndipo kisa kinapotuhusu sisi wa tafsiri. Kikundi kimoja cha Uswisi kiliitafsiri taarifa ile kwa Kijerumani, na katika kuitafsiri kikabadili jina: kikaandika kwamba Nestlé yaua watoto. Jina la Kiingereza lilikuwa nomino isiyomtaja mtu. La Kijerumani likawa sentensi kamili yenye kiima, kitenzi na yambwa. Kampuni ilikwenda mahakamani, na hukumu ilipotoka mwaka 1976 kampuni ilishinda, kwa kuwa kisheria haikuweza kusemwa kwamba imeua. Waliotafsiri walitozwa faini ya faranga 300 kila mmoja. Hata hivyo, jaji aliieleza kampuni kwamba inapaswa kubadili kwa kina namna yake ya kujitangaza. Hatujui mfano mwingine wa wazi kuliko huu wa kuwaonyesha wanafunzi wa tafsiri kwamba kumtaja mtenda kuna gharama, na kwamba kutomtaja kuna faida kwa mtu fulani.

Yaliyofuata tutayapitia kwa haraka. Mwaka 1977 ulianza mgomo wa kutonunua bidhaa za kampuni hiyo nchini Marekani. Mwaka 1978, mbele ya kamati ya Seneti iliyoongozwa na Edward Kennedy, mwakilishi wa kampuni aliulizwa kuhusu wajibu wao pale maziwa yanapochanganywa kwa maji machafu, akajibu kwamba hawawezi kubeba wajibu huo. (Maji, lile neno lililokosekana katika kifungu chetu!) Mei 1981 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulipitisha Kanuni za Kimataifa kuhusu uuzaji wa bidhaa zichukuazo nafasi ya maziwa ya mama, kwa kura 118 dhidi ya moja, ile ya Marekani.

Wengi hukumbuka kwamba Kanuni hizo zilikataza matangazo kwa umma. Tunachopenda kukionyesha sisi ni kifungu cha 4, kinachohusu maandishi ya elimu. Waliokiandika walikuwa wasomaji wazuri wa matini. Waliona kwamba tangazo likizibwa mlangoni litaingilia dirishani likiwa limevaa nguo za somo. Kwa hiyo wakasema kwamba maandishi ya kuelimisha akina mama, kama yanagusia maziwa ya unga, yataje gharama zake na hatari za kuyatumia isivyofaa. Wakasema pia kwamba kampuni isitoe maandishi au vifaa vya elimu ila kwa ombi na kibali cha maandishi cha mamlaka ya serikali, na kwamba jina la kampuni laweza kuwekwa lakini bidhaa isitajwe. Ukikilinganisha kifungu hicho na makala tuliyoyasoma darasani utaona jambo la kustaajabisha: yote ambayo Kanuni zilitaka yasemwe, makala yaliyanyamazia. Uganda ilitunga kanuni zake mwaka 1997, Kenya ikatunga sheria mwaka 2012. Lakini sheria hizi za nchi zilizaliwa zikimtazama mgawa vijitabu aliyesimama mlangoni pa kliniki. Tovuti haina mlango wala kliniki, na mwenye nayo huenda yuko bara jingine.

Ukubwa wa jambo hili ulipimwa hivi karibuni. Februari 2022 Shirika la Afya Duniani pamoja na UNICEF walitoa taarifa iliyotokana na kuwahoji wazazi na wajawazito 8,500 katika nchi 8. Asilimia 51 walisema wamefikiwa na matangazo ya kampuni za maziwa ya watoto. Aprili mwaka huohuo taarifa ya pili ilionyesha kwamba akaunti za kampuni hizo katika mitandao ya kijamii zilikuwa zikiweka maandishi kiasi cha mara 90 kwa siku na kuwafikia watumiaji milioni 229. Taarifa hiyo ilieleza kwa kirefu namna matangazo yanavyoletwa yakiwa na sura ya vikundi vya wazazi, programu za simu na ushauri wa kitaalamu, mara nyingi bila mwenyewe kutambulika kuwa ni muuzaji.

Tungependa tueleweke vizuri. Maziwa ya kopo yana mahali pake. Wapo watoto waliofiwa na mama zao, wapo akina mama wagonjwa, na wapo wanaochagua kwa sababu zao, ambazo si kazi ya idara ya lugha kuzichunguza. Mama anayehitaji kopo anastahili makala bora kuliko yale. Anastahili kuambiwa bei, kipimo na namna ya kuchemsha maji. Makala ya kampuni hayakumsaidia hata huyo.

Kuna upande mwingine wa suala hili ambao unatugusa kwa ukaribu zaidi, nao ni ajira. Mhitimu wetu mmoja alitutembelea akiwa na furaha: alikuwa amepata kazi ya kutafsiri makala kadhaa ya ushauri wa malezi kwa Kiswahili, kwa niaba ya kampuni ambayo hatutaitaja. Alikuja kuomba msaada wa istilahi. Katika maelekezo aliyopewa, tuliyoyasoma pamoja naye, alitakiwa atumie sauti ya shangazi: ya upole, isiyohukumu, isiyo ya kibiashara. Neno "tangazo" lisitokee popote.

Tulikaa kimya kidogo. Huku Buganda ssenga, shangazi, ndiye anayemwelekeza msichana anapoingia katika ndoa na uzazi. Kule pwani kazi hiyo ni ya kungwi au somo. Hatusemi kwamba washauri hawa hawapati kitu. Kungwi hupewa zawadi zake na kila mtu anazijua. Lakini analipwa kwa kumfundisha mwari. Halipwi kwa mwari kushindwa. Na asubuhi baada ya mafundisho bado yupo kijijini, anakutana na mwari wake kisimani, na mafundisho yakiwa mabaya atayasikia. Kampuni iliitaka sauti yake, si kijiji chake.

Mhitimu wetu alituuliza aache kazi ile au aifanye. Hatukuwa na ujasiri wa kumwambia aache. Ana kodi ya nyumba, na sisi ndio tuliomwahidi kwa miaka mitatu kwamba Kiswahili kina soko, hasa tangu katiba ya Uganda ilipokifanya lugha rasmi ya pili mwaka 2005. Tulimshauri afanye mambo mawili yaliyo ndani ya uwezo wa mtafsiri. Kwanza, kila palipo na kitenzi cha kutendwa kisicho na mtenda, amwandikie mteja amuulize mtenda ni nani, kwa kuwa Kiswahili kina "na" ya kumtaja na inangoja jina. Pili, aombe kila makala yawe na mstari wa kwanza unaosema yameandikwa na nani, kwa herufi za ukubwa uleule. Alifanya hivyo. Swali la kwanza lilijibiwa mara mbili kati ya kumi na moja. Ombi la pili halikujibiwa. Makala yalitoka.

Wapo wanaosema kwamba kibandiko kinatosha: andika "limedhaminiwa" na mambo yamekwisha. Tume ya Biashara ya Marekani ilitoa mwongozo mwezi Desemba 2015 ikitaka matangazo yenye sura ya habari yatambulike kwa urahisi, na mwaka 2016 ikaibana kampuni moja ya maduka ya nguo kwa makala ya jarida iliyoyalipia bila kusema. Hatua hizo ni njema, ila sisi tunaona kibandiko ni nusu ya kazi. Neno "limedhaminiwa" nalo ni kauli ya kutendwa. Na mwanafunzi wetu, hata angelisoma neno hilo, bado asingeambiwa kuhusu maji.

Turudi kwake. Siku iliyofuata alikwenda kliniki, mtoto akapimwa. Uzito ulikuwa umeongezeka kama inavyotakiwa. Muuguzi alimwambia aendelee. Huyo tunamjua kwa sababu alibaki nyuma kuuliza. Wanafunzi wengine waliondoka na karatasi zao, na baadhi walizipeleka nyumbani kwa dada zao na wake zao, zikiwa na mhuri wa idara yetu juu.

Kifungu chenyewe hatukukitupa. Tumekirudisha muhula huu kwa darasa jipya, safari hii na maneno yaliyokuwa chini kabisa ya ukurasa yakiwa yamewekwa juu. Maswali sita ya zamani yamebaki, tukaongeza la saba: "Taja jambo moja ambalo mwandishi wa kifungu hiki hawezi kulisema." Wengi waliandika "bei". Kadhaa waliandika "maji". Wawili waliandika kwamba maziwa ya mama yanatosha. Mmoja, ambaye huwa hasemi sana darasani, alitupa karatasi yake ikiwa na swali badala ya jibu: je, sisi tulipokipiga chapa mara ya kwanza tulikuwa tumesoma hadi chini? Tulimpa alama zote, na tukamjibu kwa wino mwekundu kwamba hatukuwa tumesoma.